Mjomba Alipopunguzwa

Basi letu liliharibika Msamvu mwaka jana, na kondakta akatuambia tukatafute chai maana fundi ndiyo kwanza anatafutwa. Mimi sikutafuta chai. Miguu ilinipeleka yenyewe upande wa viwandani, mahali ambapo sikuwa nimekanyaga tangu utotoni, na baada ya kupotea vichochoro kadhaa nikajikuta nimesimama mbele ya ukumbi wetu wa zamani wa dansi. Paa lilikuwa lile lile. Juu ya mlango palikuwa na kibao kipya kilichoandikwa VYOMBO VYA AINA ZOTE, na moyo ukanilipuka, maana nilidhani ni magitaa. Nikachungulia ndani. Ndoo za plastiki zilikuwa zimepangwa hadi darini, na mabeseni, na vikombe, na chupa za chai zenye maua ubavuni. Kijana muuzaji akanikaribisha vizuri tu, akaniuliza mama unahitaji chombo gani. Nikamjibu naangalia. Ningemwambia nini kingine?

Kama ulikulia mji ule miaka ile utanielewa. Sisi watoto wa nyumba za kiwanda tulikuwa na vyombo vya namna mbili. Kulikuwa na vyombo vilivyotengenezwa kiwandani, masufuria na ndoo za bati na makarai, na kulikuwa na vyombo vya bendi. Kiwanda kilikuwa na bendi yake kama kilivyokuwa na timu yake ya mpira na zahanati yake. Wanamuziki walikuwa waajiriwa kamili. King'ora kikilia asubuhi walipita getini pamoja na wenzao, ila wao walikata kushoto wakaelekea ukumbini, na wenzao wakawatania kwamba wanakwenda kucheza wakati wanaume wanakwenda kazini.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Alipiga gitaa la ridhimu. Baba na mama walikuwa vibarua kwenye mashamba ya miwa, mbali, nami nikaachwa kwa bibi mzaa mama ili nisome. Tukaishi watatu katika nyumba ya kiwanda aliyopewa Mjomba: bibi, Mjomba na mimi. Vyumba viwili, jiko la nje, banda la kuku, na mlima ukitutazama kupitia mlango wa nyuma. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani. Bahati mbaya au nzuri, wangu hakuwa mtu wa maneno.

Mazoezi ya bendi yalikuwa Jumamosi mchana, na hapo ndipo palipokuwa na mahakama. Mkabala na ukumbi alikaa jirani yetu, fundi cherehani, na barazani kwake walikusanyika waliojiita wajuzi. Fundi mwenyewe alikuwa jaji mkuu. Msaidizi wake alikuwa mwalimu wetu wa darasa la nne, mtu aliyetoa maksi kwa mdomo kama yuko darasani: saba kwa kumi huyu, tano huyu, arudie. Bibi alikaanga mihogo chini ya dirisha la fundi, ndiyo maana nami nikawepo, nikipokea vyungu vya kachumbari na kukanusha kwamba nimeonja.

Wajuzi hawa hawakuwaona wapigaji, walisikia tu kupitia madirisha ya ukumbi, na waliwahukumu kama watu wanavyowahukumu wachezaji wa mpira. Mpiga besi, walisema, anatembea vizuri lakini leo kalala. Mkono wa kulia wa mpiga dramu unakimbia kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Saksafoni ina sauti tamu, ila sigara zitaimaliza. Akifika mpiga solo, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi, cherehani ilisimama. Yule alikuwa anaongea na gitaa. Alilifanya lilie, likacheka, likakuuliza habari za nyumbani. Mwalimu alimpa kumi kila wiki, na mara moja alimpa kumi na moja, tukamshangaa mwalimu mzima wa hesabu.

Mjomba hakupewa kitu. Siku nilipojitia ujasiri nikauliza ridhimu je, fundi cherehani alicheka hadi sindano ikamtoka mdomoni.

"Ridhimu ni ugali, mama," akaniambia. "Ulishasikia nani anasifu ugali? Watu wanasifu mboga."

Bibi hakuinua macho kwenye karai. Alimwambia basi kesho ale mchicha mtupu, halafu aje atusimulie usiku wake ulikuwaje. Baraza lote likaangua kicheko, na fundi akanunua mihogo ya adhabu. Lakini maksi hazikubadilika.

Mimi nilizisikia nyimbo zile kwa namna nyingine kabisa. Mjomba aliruhusiwa kuja na gitaa nyumbani, na jioni alikaa ukingoni mwa kitanda akifanya mazoezi bila umeme. Halikutoa sauti kubwa, ni ile tu ya mtu anayepeta mchele kwenye ungo, kwacha kwacha kwacha, muda mrefu, bila kubadilika. Nilizijua nyimbo zote za bendi kuanzia chini, kabla ya maneno na kabla ya madoido. Nikaja kugundua kwamba sehemu kubwa ya kazi ya Mjomba ilikuwa kunyamaza. Alilaza kiganja juu ya nyuzi, akatulia, na kidole gumba cha mguu kikaendelea kupiga sakafuni. Pale palikuwa pa mwimbaji, au pa solo. Nami nilizoea kuuliza maswali yangu yote ya siku katika vituo vile, na yeye alizoea kutonijibu.

Kitu kingine sitakisahau. Siku za dansi lenyewe, wimbo ukishapamba moto, kiongozi aliinua mkono na kusema punguza. Vyombo vikaanza kutoka kimoja kimoja, saksafoni, magitaa, dramu, mpaka ikabaki tumba na sauti ya mwimbaji, na watu ukumbini wakacheza taratibu huku wamefumba macho. Ilikuwa raha yenye wasiwasi. Halafu, ukiwa umeshakata tamaa, akasema rudisha, na vyote vikaingia kwa pamoja, vumbi likatimka. Tulikicheza kitu hicho bombani wakati wa kuosha masufuria. Mmoja wetu alikuwa kiongozi, sisi wengine tulipiga mifuniko. Akisema punguza tulipunguza, na mwenye kutaka kuwa kiongozi alipigania neno lile la pili, kwa sababu utamu wote ulikuwa huko.

Ndipo ikaingia miaka ya ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa milango. Sitadanganya kwamba tulilia. Tulikuwa tumepanga foleni za sabuni kiasi cha kutosha, na ghafla madukani kukawa na sabuni zenye manukato, khanga za kuchagua, na sokoni mitumba iliyomwagwa juu ya maturubai. Nilipata raba nyekundu ambazo nililala nazo. Na ndoo za plastiki zikaja. Zilikuwa nyepesi, za rangi, haziliwi na kutu, na bei yake ilikuwa chini ya zile za kiwandani kwetu. Bibi alinunua moja ya kijani, akaihamishia ndoo yake ya bati bandani kwa kuku. Mjomba aliporudi kazini aliikuta ile ya kijani katikati ya uwanja. Akaizunguka, akaingia ndani.

Ghala la kiwanda likajaa masufuria yasiyo na wanunuzi. King'ora cha zamu ya usiku kikaacha kulia, na kwa muda tulishindwa kulala kwa sababu ya ukimya. Kisha wakubwa wakatangaza kwamba wafanyakazi wamezidi, na kwamba bendi itabaki, lakini ndogo, yenye wenye uwezo tu. Kila mpigaji angepimwa na mtaalamu kutoka Dar. Atakayeshindwa angepoteza kazi, na mwenye kupoteza kazi alirudisha nyumba. Kwa hiyo nilijua, kwa akili zangu za kitoto, kwamba gitaa la Mjomba ndilo lililoshikilia paa letu.

Siku ya kupimwa bibi hakukaanga mihogo. Alivaa khanga ya kutokea, tukaingia ukumbini pamoja na mtaa mzima, tukakaa nyuma. Fundi cherehani alikuwepo, na mwalimu pia. Mbele palikuwa na meza ya wakubwa, na katikati yao yule mtaalamu, mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani. Masharti yalikuwa kila mmoja apande jukwaani peke yake na apige wimbo anaoumudu. Kiongozi wa bendi aliomba wasikilizwe pamoja. Mtaalamu akamjibu kwa upole kwamba katika kundi aliye dhaifu hujificha nyuma ya aliye hodari, na kazi aliyotumwa ni kuwatenganisha. Hayakuwa maneno ya mtu mbaya. Yalikuwa na akili ndani yake, ndiyo maana hakuna aliyeweza kuyajibu.

Kiongozi alipanda kwanza, akapiga solo yake peke yake, na ukumbi ukasahau kilichotuleta tukampigia makofi. Saksafoni naye akafanya vizuri. Kisha akaitwa Mjomba.

Alichagua ule wimbo wetu wa mvua, uliokuwa unafungia dansi. Akachomeka waya, akaangalia pembeni mahali ambapo mpiga dramu hukaa, hapakuwa na mtu, akaanza. Kwacha kwacha kwacha. Katika ukumbi ule mkubwa ilikuwa sauti ndogo mno. Nikasikia watu wanajigeuzageuza kwenye mabenchi. Lakini kichwani mwangu nilisikia kila kitu: besi ikaingia, tumba zikaingia, saksafoni ikasalimia. Bibi alikuwa anatikisa goti, najua naye alisikia.

Akafika pale mwimbaji anapoingia na ubeti wake, ambapo magitaa hukaa kimya. Wewe au mimi, tukiwa tunapimwa na kazi iko hatarini, tungejaza pale kitu chochote. Mjomba hakujaza. Alilaza kiganja juu ya nyuzi akatulia, kama alivyofanya ukingoni mwa kitanda miaka yote, na kwa mbali niliona kiatu chake kinapiga taratibu.

Ukimya ukawa mrefu. Wakubwa wakatazamana. Mtaalamu akamsubiri kidogo, akakohoa, akasema asante, inatosha, anayefuata.

Fundi cherehani akasimama. Alikuwa nyuma kabisa.

"Samahani, mzee. Hajamaliza huyo. Hapo ni pa mwimbaji."

Mtaalamu alivua miwani akamtazama, bila kejeli nadhani. "Mwimbaji yuko wapi?"

Watu wakacheka. Wa kwetu pia walicheka, siwalaumu, wengine walicheka kwa hofu. Mpiga besi alikuwa ameshaitwa na anapanda ngazi ya jukwaa na gitaa lake mkononi. Na hapo ndipo ubeti ulipokwisha. Mjomba akaingia, pale pale panapotakiwa, si mbele si nyuma, akapiga mstari mmoja, akainua macho akamwona mwenzake amesimama ubavuni mwake anasubiri nafasi. Akaacha. Akaweka mkono kifuani kuwashukuru wakubwa, akachomoa waya, akashuka. Bibi alinishika mkono tukatoka nje kabla ya besi kuanza.

Siku chache baadaye kiongozi wa bendi alikuja nyumbani mchana. Alimwamkia bibi shikamoo, akaitikiwa, akakaa kwenye kigoda, na hakuleta maneno ya kuzunguka. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Mimi nilikuwa naosha vyombo.

"Mama," kiongozi akasema, "mwenzetu amepunguzwa."

Bibi akafunika uso kwa upande wa khanga. Nami, ndugu yangu, nikaona raha. Naapa niliona raha. Nilikuwa nimeogopa neno kufukuzwa, neno kushindwa, na badala yake limekuja neno ninalolijua. Nikaacha sufuria nikamkimbilia.

"Bibi, usilie. Si wanapunguza tu? Watarudisha."

Kiongozi aliinamisha kichwa mpaka nikaona utosi wake. Mjomba akacheka, na hakuwa mtu wa kucheka. Alicheka muda mrefu, akajipangusa macho kwa kiganja, akaenda nyuma ya nyumba. Bibi akanivuta akaniweka kifuani, akaniambia hii ni punguza nyingine, mjukuu wangu, hii haina wa kusema rudisha. Sikumwamini. Jumamosi zote zilizobaki hadi tunahama nilikaa barazani kwa fundi nikisikiliza bendi ndogo inafanya mazoezi, nikingoja kiongozi atamke lile neno la pili. Fundi hakuhukumu tena. Alishona tu, na mwalimu akaacha kuja.

Mjomba alilifuta gitaa kwa kitambaa akalirudisha ofisini. Mkononi alitoka na seti ya masufuria, shukrani ya kiwanda kwa waliopunguzwa. Alirudisha chombo akapewa vyombo. Masufuria yale tuliyafunga kwenye mkeka, tukapanda lori lililokuwa linarudi tupu Mgeta, kwenye ardhi ya ukoo wa bibi.

Mgeta ni milimani, kuna baridi. Asubuhi ukungu ulilala shambani hadi saa nne, na njia zilikuwa za kupanda tu, hata ukiwa unarudi. Mjomba akalima kabichi na njegere kwa ajili ya malori ya Dar, akajifunza upesi, hakulalamika. Nilikuwa naiangalia mikono yake. Ncha za vidole zilizokuwa ngumu kwa sababu ya nyuzi zikalainika, na viganja vikaota sugu za jembe. Jioni alikaa kimya ukingoni mwa kitanda, na kidole gumba cha mguu hakikupiga tena sakafu. Nilikilia kidole kile kuliko nyumba.

Siku moja, msimu wa njegere, kiongozi wa bendi akaja. Alipanda na lori la kabichi, akapanda na miguu, akafika kwetu na viatu vyake vyeupe vya jukwaani vimekuwa rangi ya mlima. Mgongoni alikuwa na gitaa. Alitupa habari zote pale pale nje, kabla hajakaa sawasawa. Bendi ndogo ilijaribu, haikushika. Watu walihamia disko. Kiwanda kimefungwa, getini kuna minyororo, na waliobaki wamegawana vyombo badala ya mafao. Yeye kapata hilo gitaa.

Bibi akamletea magimbi na chai ya mdalasini. Hakula. Akalitoa gitaa, akalishika kidogo, akampa Mjomba.

"Piga wa mvua," akasema. "Mimi nitajua ninapoingia."

Mjomba alisita, akaipangusa mikono kwenye suruali. Akaanza. Vidole vilikuwa vizito, nyuzi mbili zilikwaruza, halafu ikaja ile sauti ya mchele kwenye ungo. Kiongozi alifumba macho, na vidole vyake vikaanza kutembea juu ya goti, akipiga solo isiyosikika. Alipiga yote. Nilimwona anapanda, anashuka, anatabasamu mahali alipokuwa anapigiwa makofi. Ukafika ubeti, Mjomba akalaza kiganja, na pale uwanjani hakuna aliyekohoa. Kuku walipita. Chini bondeni lori lilikuwa linabadili gia. Ubeti ukaisha, akaingia, na wote wawili wakaenda hadi mwisho wa wimbo.

Kiongozi alikaa bado amefumba macho.

"Walinipa mimi namba moja," akasema. "Kaka, nafasi zote nilizosifiwa ulikuwa unaniachia wewe."

Mjomba alimrudishia gitaa lake. "Kula kwanza," akamwambia. "Lori la mwisho halikawii."

Basi. Nimekaa na siku ile muda mrefu sasa. Sina ugomvi na ndoo za plastiki, ninazo nyumbani, na sidanganyi kwamba zamani kulikuwa na neema. Lakini nina hasira, na uzee haujaipunguza. Hasira yangu si kwamba walimpima Mjomba, ni kwamba walimpima bila kujua wanachosikiliza. Fundi cherehani alimpima kila wiki, akamnyima maksi kila wiki, na alimjua hadi ukimya wake. Siku hizi watu wanasifu tu, wimbo ukiwa mtamu wanapiga makofi, na hakuna baraza la kugombana juu ya mkono wa kulia wa mpiga dramu. Ukiwauliza nani anapiga ridhimu wanakutazama usoni.

Bendi yetu haikuwahi kurekodi. Wimbo wa mvua haupo kwenye kanda yoyote. Bibi alitangulia, akafuata kiongozi, akafuata Mjomba, na fundi cherehani niliambiwa alifia kwao Kilosa. Waliojua kwamba siku ile ukumbini Mjomba alikuwa hajamaliza wamekwisha wote, nimebaki mimi, nami sijui kupiga hata uzi mmoja.